Mzee Dale na Sauti ya Kwanza

Jengo letu la Mount Dennis, hapa Toronto, ni kuukuu, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayefagia korido zake, kumwaga chumvi mlangoni wakati wa barafu na kubadilisha taa zilizoungua. Mtu anayefagia korido huwajua watu kwa milango yao. Mlango mmoja hutoa harufu ya samaki, mwingine kelele za mpira, mwingine ugomvi. Mlango wa Mzee Dale, ghorofa ya sita, ulitoa sauti ya piano. Haukuwa wimbo mzima. Ilikuwa noti nne, kisha kimya, kisha noti zile zile na moja imebadilishwa, kisha kimya kirefu zaidi. Mwanzoni nilidhani kuna mtoto anayejifunza. Kumbe ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mwingereza, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mtunzi wa muziki.

Sasa hayupo hapa tena. Anaishi Pickering kwa binti yake, Zoe, katika nyumba isiyo na piano. Naandika habari zake kwa sababu wengi wa jengo hili walimjua tu kama mzungu mrefu mwenye kofia ya sufu asiyeitika salamu, wakasema ana majivuno. Hakuwa na majivuno. Hakuwa akizisikia.

Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, katika mji wa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa kondakta wa basi. Bibi yake aliimba kanisani, na ndiye aliyemfundisha solfa, ile do-re-mi tunayoijua sisi watu wa kwaya, kabla hajaweza kusoma gazeti. Akasomeshwa muziki. Akiwa kijana alitunga kazi kubwa ya okestra, ikapigwa mara moja katika ukumbi wa mji wao, usiku wa mvua. Gazeti la pale likaandika kwamba huyu ni kijana mwenye matumaini makubwa.

"Matumaini bado ninayo," aliwahi kuniambia. "Okestra ndiyo sijaipata tena."

Miaka ya sabini alikwenda Kenya kufundisha muziki katika shule moja ya Nakuru. Siku za likizo alishuka Nairobi, na huko, kwenye dansi ya klabu ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa ya India, akamwona Zelia, karani wa ofisi za reli. Ndugu yake Zelia, Diogo, alikuwa akipiga fidla katika bendi ya klabu hiyo. Baba yao hakutaka mkwe asiye Mgoa. Kilichomlainisha ni kwamba mpiga kinanda wa parokia yao alikuwa amehamia Kanada na kila Jumapili misa ilikuwa kavu. Dale akakaa kwenye kinanda, na mwaka uliofuata akapewa mke. Zelia, ambaye sisi tulimwita Mama Zoe, alipenda sana kuisimulia hadithi hii.

"Mimi nilibadilishwa na kinanda," alikuwa akisema. "Wengine wanatolewa ng'ombe."

Wakahamia Toronto kuwafuata ndugu zake Zelia. Mama Zoe alifanya kazi katika kampuni ya bima mjini, na kusema kweli ndiye aliyeilisha nyumba. Dale alifundisha watoto piano, akapiga kinanda kwenye arusi na mazishi, na kila asubuhi akatunga. Alitunga misa ya kwaya ndogo, nyimbo za Krismasi, vipande vya klarineti. Vilipigwa hapa na pale, mara moja, mara mbili, kisha vikarudi kabatini. Kazi yake iliyosikika na watu wengi kuliko zote ilikuwa wimbo wa tangazo la duka la magodoro, lililopigwa redioni miaka kadhaa. Zoe alipokuwa shuleni watoto wenzake walimwimbia tangazo hilo ili kumchokoza. Akirudi nyumbani analia, baba yake alimuuliza kama waliliimba vizuri.

Mimi nilimjua Mama Zoe kwanza. Nilikuwa nafagia mbele ya mlango wao, naguna wimbo wa nyumbani, akafungua.

"Wewe kijana wa ufagio," akasema kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini. "Unatoka wapi?"

"Kakamega, Mama."

"Jina?"

"Elkana."

"Elkana, besi kama hiyo unaiimbia ukuta? Ukuta hata chai haukupi. Ingia."

Ndivyo nilivyoingizwa katika kwaya ya misa ya Kiswahili. Misa hiyo huwa Jumapili ya tatu ya mwezi, alasiri, na mazoezi ni Jumamosi, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Mimi si Mkatoliki, lakini kwaya yetu haiulizi mambo hayo. Mwalimu wetu ni Silvanus, dereva wa basi la jiji, mtu mkali kuhusu saa. Anayeongoza sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, ni Mama Ndegwa, anayefanya kazi ya kulea wazee, na ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema. Sisi hatuimbi kwa karatasi za noti za vistari. Mwalimu huandika solfa ubaoni, kila sauti inafundishwa peke yake mpaka ishike, ndipo tunaunganishwa. Mzee Dale alipotuona tukifanya hivyo mara ya kwanza alisimama mlangoni muda mrefu. Alisema alidhani njia ile ilikufa na bibi yake.

Nyumbani kwao nilikula mara nyingi. Mama Zoe alipika kana kwamba kuna watu wa basi zima wanaokuja. Kabla ya kula alisema sala yake mwenyewe, kwa Kiswahili, maneno machache tu: "Bwana, aliyechoka mpe kiti. Aliyechelewa mfungulie mlango." Kisha anachukua kijiko. Mzee Dale alikuwa akichelewa mezani kila siku kwa sababu ya piano, kwa hiyo sala ilikuwa na kijembe kidogo ndani yake.

Mama Zoe alianza kuumwa tumbo wakati wa kiangazi, na mwezi wa Machi uliofuata akafariki. Alizikwa Mississauga, karibu na makaburi ya wazazi wake. Siku ya mazishi Mzee Dale hakupiga kinanda. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, na watu walipompa pole aliwatazama midomo.

Miezi mingi mlango wa ghorofa ya sita ulikuwa kimya. Vuli ilipofika nikasikia tena: noti nne, kimya. Niligonga. Alinifungulia akiwa na penseli sikioni.

"Namtungia Zelia," alisema. "Ile sala yake. Kwa sauti nne. Mtaiimba nyinyi kwenye misa ya mwaka wake."

"Mzee, si ungetafuta kwaya kubwa?"

"Kwaya kubwa hazimjui."

Kuanzia siku hiyo hakuwa na jambo lingine duniani. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumtungia mke wake chochote. Alitungia maaskofu, alitungia magodoro. Alikuwa akifikiri ataufikia wakati wa Zelia atakapokuwa ameiva vya kutosha. Sasa alitaka jambo moja tu, asikie wimbo huu ukiimbwa kwa ajili ya Zelia, siku moja, ukiwa sawa.

Lazima niseme kidogo kuhusu masikio yake. Alikuwa amevaa vifaa vya kusikilizia kwa miaka kadhaa, na vilimsaidia kwa mazungumzo ya karibu. Lakini majira yale ya vuli alimwita fundi wa piano tena na tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia fundi mlango wa chini. Kila mara fundi aliondoka akitikisa kichwa na kusema piano ni nzima. Mzee alisema mafundi wa siku hizi hawajui kazi.

Wimbo ulikamilika kabla ya Krismasi. Aliutunga kichwani, mezani, akitumia piano kwa sauti za chini tu. Solfa akaiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, akaja kuibandika ubaoni. Silvanus alitufundisha sauti moja moja. Tulipounganishwa mara ya kwanza, Mama Ndegwa, ambaye hanyamazi, alinyamaza. Sijui kueleza muziki. Ninachoweza kusema ni kwamba sauti tatu za chini zilikaa mahali pamoja kama watu waliokaa mezani, na sauti ya kwanza ikaingia nyuma yao, peke yake, polepole, kama mtu anayefungua mlango asiwaamshe wengine.

Januari Mzee Dale akaanza kuja mazoezini. Tukamwimbia. Hatukufika nusu akainua mkono.

"Sauti ya kwanza, mnashuka."

Wakarudia.

"Bado. Juu. Noti ni ya juu zaidi ya hapo."

Mama Ndegwa akatazama ubao, akamtazama Silvanus. Wakapandisha kidogo. Mzee akatikisa kichwa. Wakapandisha tena, mpaka walikuwa wametoka kabisa kwenye ule wimbo na kuparuzana nasi sauti za chini kama bati juu ya bati. Hapo uso wa Mzee ukafunguka.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Msitoke hapo."

Wakati wa chai Mama Ndegwa aliniegemea. "Elkana, huyu mzee anatupeleka wapi? Nikipanda zaidi nitatokea Barrie, kaskazini huko."

Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Ndipo Zoe, aliyekuwa amemleta baba yake kwa gari, akatuita mimi na Silvanus kando, karibu na ngazi. Zoe anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili chetu.

"Ni masikio yake," alisema. "Daktari alimpima. Si kwamba hasikii tu. Sauti za chini zinamfikia kama zilivyo. Za juu zinamfikia zikiwa zimeshuka. Vifaa vinakuza sauti, haviirudishi mahali pake."

"Na yeye hajui?" Silvanus akauliza.

"Alielezwa. Alisema daktari anapima masikio kwa mlio wa mashine, na yeye anasikiliza muziki."

"Basi wewe binti yake mwambie."

Zoe akatazama chini. "Mama amekufa. Unataka nimwambie na hili pia?"

Mzee alipokuwa amekwenda, kwaya ikabaki kushauriana. Silvanus alikuwa na hasira. Alisema kwenye karatasi kuna wimbo mzuri kuliko wote tuliowahi kupewa, na sisi tutakwenda kuuharibu mbele ya watu.

"Watatusema," alisema. "Watasema hawa Waswahili hawajui kuimba."

"Wacha waseme," Mama Ndegwa akajibu. "Mimi kazini nalea wazee. Mzee akikuambia leo ni Jumanne, ni Jumanne. Kesho ataamka salama. Wewe utamwambia mtu aliyefiwa kwamba na masikio yake yamekufa? Utaanzaje? Shikamoo, Mzee, masikio yako yanakudanganya?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Hakuna aliyepata namna ya kuanza. Kwetu mzee harekebishwi mbele ya watu, na faraghani hakuna aliyetaka kutumwa. Mimi niliishi naye jengo moja, wakanitazama, nikatazama viatu vyangu. Basi ikapita kwamba tutaimba kama anavyosikia yeye. Tulifanya hivyo kwa kumpenda. Nataka jambo hilo lieleweke.

Misa ya mwaka ilikuwa Jumapili ya tatu ya Machi. Watu walijaa. Wagoa walitoka Mississauga na familia zao, wazee waliovaa koti na tai, na Diogo miongoni mwao, kaka wa marehemu, mwenye nywele nyeupe na mgongo ulionyooka. Baada ya komunyo Silvanus akainua mikono. Mzee Dale alikuwa benchi la mbele, macho amefumba.

Tukaimba. Sauti za chini tulikaa mahali petu, na sauti ya kwanza ikaingia juu mno, kama tulivyofundishwa. Niliwaona watu wakigeuka. Mtoto mmoja aliziba masikio, mama yake akamshika mikono. Diogo aliinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho. Na Mzee Dale, benchi la mbele, alikuwa akitoa machozi yanayoshuka mpaka kwenye kola, akitabasamu. Nikajiambia, basi, imetosha.

Baada ya misa kulikuwa na chai na sambusa chini ya kanisa. Mzee alikuja mpaka tulipokuwa tumesimama, akampa kila mmoja wetu mkono. Alipofika kwa Mama Ndegwa alimbusu mkono wake. Ndipo Diogo alipokuja na kikombe chake.

"Dale," alisema kwa sauti kubwa, kama watu walivyozoea kusema naye. "Wimbo nimeuona kwenye karatasi, ni mzuri. Lakini hawa wamekuharibia. Wale wa juu hawakugusa noti hata moja."

"Diogo, waliimba sawasawa kabisa."

"Sawasawa? Muulize yeyote. Dada yangu leo ameimbiwa kelele."

Mzee Dale akacheka, kisha akageuka kwa Silvanus ili Silvanus naye acheke. Silvanus hakucheka. Mzee akamtazama Mama Ndegwa. Mama Ndegwa alikuwa amegeuka kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Akanitazama mimi. Sijui aliona nini.

"Silvanus," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Mliimba kama nilivyoandika?"

"Tuliimba kama ulivyotuambia, Mzee."

"Sikuuliza hivyo."

Silvanus akafuta mikono kwenye suruali. "Hapana, Mzee. Kilichoandikwa ni kingine."

Zoe akaja akamshika baba yake kiwiko, akaanza kumweleza. Mzee akainua kidole kumkatisha. Alisimama akiwaza, na niliona mawazo yake yakirudi nyuma, piano, mafundi, daktari, Jumamosi zote zile. Uso wake ulikuwa ukibadilika kama mtu anayesoma.

"Hamkuniambia," alisema.

"Tungekuambiaje?" Mama Ndegwa akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe ni mzee wetu. Tulitaka ufurahi."

"Nimefurahi," Mzee akasema. "Lakini Zelia amesikia nini?"

Diogo aliweka kikombe mezani.

Ilikuwa imepangwa kwamba familia itapeleka maua kaburini kabla ya giza. Mzee akatuomba kwaya twende pia. Hakuamuru, aliomba. Tukajipanga kwenye magari ya watu, mengine ya Wagoa ambao hatukuwajua, tukaenda Mississauga bila mazungumzo mengi. Ndani ya gari nililopanda, Mama Ndegwa alilia njia yote, akisema ni mafua.

Makaburini theluji ilikuwa imeganda juu, ukikanyaga inavunjika. Upepo ulikuwa mkali. Zoe aliweka maua. Mzee Dale akavua kofia, kisha akavua vile vifaa vya masikioni, kimoja kimoja, akamkabidhi Zoe.

"Baba, hutasikia kitu."

"Nikivivaa nitawainulia mkono tena," alisema. "Kama kilichoandikwa, Silvanus. Ubaoni kilivyokuwa."

Silvanus akatupa noti. Tukaanza, na kwa mazoea sauti ya kwanza ikaingia juu. Silvanus akakata. Mzee aliona mikono ikisimama, akangoja, hakusema kitu. Mama Ndegwa akajifuta pua, akaomba apewe noti yake peke yake, akaishika kwa mdomo uliofumba, akaitikia kwa kichwa. Tukaanza tena.

Nimeimba tangu utotoni na sijawahi kuwa ndani ya kitu kama kile. Hakukuwa na kuta za kurudisha sauti, lakini ilisimama. Sauti tatu tulikaa kwenye meza ile, na sauti ya kwanza ikaja, polepole, ikafungua mlango. Aliyechoka mpe kiti. Diogo alikuwa ameshika mkono wa Zoe, mabega yake yakitikisika. Wazee wa Kigoa walivua kofia katika baridi ile. Mzee Dale alisimama akitutazama midomo, kutoka sauti hadi sauti, akijua ni nani anaingia lini. Midomo yetu sisi wa sauti za chini ikafumba. Akahamisha macho kwa Mama Ndegwa, aliyebaki peke yake na ile noti ya mwisho, akamtazama mpaka naye akafumba.

Kukawa na upepo tu.

"Ilikuwa sawa?" Mzee akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Tukaitikia kwa vichwa kwaya nzima, ndiyo, ndiyo. Mama Ndegwa aliinua mikono yote miwili. Mzee akatutazama mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanyia. Tulikuwa tumeitikia kwa vichwa hivi hivi Jumamosi zote. Nyuso zetu zilikuwa zile zile. Hakuwa na njia yoyote ya kujua.

Akatuacha, akamgeukia Diogo, mtu pekee aliyekuwa amemwambia kweli. Hakumuuliza tena, alimtazama tu. Diogo alijaribu kusema, akakumbuka hasikiwi. Akamkaribia, akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa mara moja, polepole.

Mzee Dale aliendelea kumtazama kwa muda. Kisha akavaa kofia. Zoe alimnyooshea vile vifaa, akavipokea, akavitia mfukoni bila kuvivaa, akaanza kutembea kuelekea kwenye magari, akivunja theluji kwa viatu vyake.